Vifaa Vilale Aliko Mbwa

Karakana ikivunjwa usiku, asubuhi yake shauri huwa moja. Mafundi wa jirani hukusanyika, wakalitazama kufuli lililokatwa, wakapatazama mahali ilipokuwa mashine ya kuranda, wakaguna, kisha mmoja wao akasema: "Fundi, fuga mbwa." Hakosekani mwingine anayejua ni wapi watoto wa mbwa wamezaliwa mwezi uliopita. Kabla ya adhuhuri saidia fundi ameshatumwa, na jioni yake kuna kiumbe kidogo kimefungwa kamba kwenye nguzo ya banda, kinalia, na jina kimeshapewa: Simba.

Njoo umwone huyo Simba akiwa na miezi minane. Mbavu zinahesabika. Mchana anawabwekea wateja, usiku amelala, na mwenyewe analalamika kwamba kapewa mbwa asiye na akili. Mbwa ana akili zake timamu. Aliyemweka pale ndiye aliyekosea hesabu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Fundi anaweza kufuga mbwa, na wapo wanaomhitaji hasa, lakini mbwa hafugwi karakanani pasipolala mtu. Mbwa hana habari na mali yako. Hajui kwamba drili ina thamani kuliko ndoo ya plastiki. Anachokilinda ni watu wake na mahali anapoishi nao. Banda la mabati ambalo kila mtu analiacha saa kumi na mbili jioni si nyumbani kwake, ni kifungo chake. Kwa hiyo unayetaka mbwa akulindie vifaa, beba vifaa ukavilaze aliko mbwa. Usimchukue mbwa ukamlaze viliko vifaa.

Tuanze na kazi yenyewe ya mbwa wa ulinzi, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Watu hufikiria meno. Meno ni ya mwisho kabisa, na yakitumika mara nyingi huleta hasara kuliko faida. Kazi ya mbwa ni kubweka. Anasikia hatua kabla yako, ananusa mgeni kabla hujamwona, anapiga kelele, na kelele hizo zinamwamsha binadamu anayewasha taa, anayechungulia, anayemwita jirani. Mwizi anakimbia taa na watu. Sasa jiulize: usiku wa manane karakanani kwako mbwa akibweka, anamwamsha nani?

Chukua Keko, Dar es Salaam, mahali ambapo kila anayetafuta kitanda au kabati anapajua. Mabanda yamepangana kando ya barabara, moja limeegemea jingine, mbao zimesimamishwa nje, fremu za sofa zinangoja kitambaa. Mchana pale pamejaa misumeno, honi na wateja wanaovutana bei. Usiku mafundi wamekwenda zao Mbagala, Temeke, Buguruni, kila mtu kwake. Anayebaki ni mlinzi, na mara nyingi mlinzi mmoja analinda mabanda kadhaa kwa mchango. Mbwa wa fundi akibweka mahali kama hapo, mlinzi wiki ya kwanza ataamka, wiki ya pili atamtukana, wiki ya tatu hatamsikia tena. Mbwa aliyefungwa peke yake anabwekea paka, anabwekea panya, anabwekea upweke wake. Sauti yake haina habari mpya.

Lipo jambo hapo ninalolikubali. Mbwa awe wa mlinzi mwenyewe: amlishe yeye, atembee naye usiku kucha, mchana waondoke wote wakalale. Hapo kuna watu wawili kazini, mmoja ana masikio makali na mwingine ana tochi na simu. Kama mafundi wa eneo lenu mnachangia ulinzi, mchangieni mlinzi huyo chanjo na unga wa mbwa wake. Ni fedha iliyokwenda mahali pake kuliko kila banda kufuga Simba wake.

Halafu kuna wizi ambao mbwa hauzuii kabisa, na mafundi hawapendi kuuzungumza. Anayeiba karakanani mara nyingi ni mtu anayejua funguo zinakofichwa, ubao upi wa banda umelegea, na mashine ipi imenunuliwa karibuni. Kijana mliyeachana kwa ugomvi wa posho. Dalali aliyekuwa anakuletea wateja. Fundi mwenzako uliyempangisha kona. Mbwa anawafahamu wote hao. Yule kijana ndiye aliyekuwa akimpa makombo. Akija saa nane za usiku, Simba atamtikisia mkia na kumlamba mkono. Wizi wa namna hiyo dawa yake ni kubadilisha kufuli kila mtu anapoondoka kazini, kuandika namba za mashine zako kwenye daftari linalokaa nyumbani, na kutoacha kitu cha thamani ndani ya banda ambalo bati lake linafunguka kwa bisibisi.

Tuseme umeyasikia hayo, na bado unasema wewe unashinda karakanani kutwa, mbwa atakuwa mwenzako mchana na usiku utarudi naye. Basi tuitazame karakana kwa macho ya mbwa.

Kelele kwanza. Masikio ya binadamu yanaishia kwenye sauti ya hezi 20,000 hivi. Ya mbwa yanapanda mpaka karibu hezi 45,000. Wataalamu wa afya kazini wanataka mtu anayeshinda kwenye kelele za desibeli 85 avae kinga ya masikio, na grenda inayokata nondo inakipita kiwango hicho kwa mbali. Mafundi wenyewe wengi hawavai, hilo nalijua, lakini mtu angalau anaweza kuziba sikio kwa kidole. Mbwa aliyefungwa hatua tatu kutoka kwenye msumeno wa umeme hana pa kwenda, na sikio lake linachakaa kama linavyochakaa la binadamu. Umemfuga kwa ajili ya masikio yake, kisha unayaua.

Mwanga wa kuchomelea nao unaunguza jicho la mbwa kama unavyounguza la saidia fundi asiye na miwani. Vumbi la mbao linaingia kwenye pua ambayo ndiyo nusu ya maisha yake. Misumari na vipande vya bati vinachoma nyayo. Mabati ya paa, mwezi wa pili Dar es Salaam, yanageuza banda kuwa tanuri, na mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema na ulimi nje, na bila maji ya kutosha anaweza kuzidiwa na joto mpaka akafa.

Sumu ndiyo inayoniogopesha zaidi, hasa kwenye gereji. Kulanti ya gari, aina iliyozoeleka yenye kemikali ya ethilini glaikoli, ina ladha tamu. Mbwa akikuta imemwagika anailamba kwa hiari yake, na nusu kikombe cha chai cha ile ambayo haijachanganywa na maji kinatosha kumuua mbwa wa wastani. Mwanzoni anayumba kama mlevi, baadaye anaonekana amepata nafuu, kisha figo zinagoma. Watu husema amerogwa au amelishwa sumu na majirani. Maji ya betri yanaunguza mdomo na koo. Risasi ya betri kuukuu inabaki kwenye vumbi, vumbi linakaa kwenye manyoya, manyoya yanalambwa. Tina na rangi za mafuta ni hivyohivyo.

Na kwa kuwa tumefika gereji, liache lile jambo la kumpaka mbwa oili chafu anapotoka ukurutu. Limeenea sana, na kila gereji ina mtu atakayekuapia kwamba linaponya. Linachofanya ni kuunguza ngozi iliyokwisha kuumia, na kwa kuwa mbwa anajilamba, masalia ya injini yanaingia tumboni. Ukurutu unasababishwa na vidudu vya ngozi na una dawa zake, za sindano au za kuogesha, zinazopimwa kwa uzito wa mbwa. Mwite daktari wa mifugo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usikisie kipimo chake kwa mbwa.

Sasa tumbo. Mafundi ni watu wa hesabu: hakuna anayenunua mbao bila kuzipima. Lakini mbwa hununuliwa bila hesabu yoyote, kwa imani kwamba atakula makombo. Makombo ya nani? Mama ntilie anayewaletea chakula cha mchana anakusanya sahani zikiwa zimekwanguliwa. Mbwa mzima wa kilo 20, yule wa kienyeji wa kawaida, anahitaji takriban kalori 1,000 kwa siku. Robo kilo ya unga wa dona inatoa karibu 900, na konzi ya dagaa inajazia zilizobaki na kumpa protini. Robo kilo kwa siku ni kilo 91 kwa mwaka. Yaani mbwa mmoja wa kienyeji anakula karibu gunia zima la unga kila mwaka, mbali na dagaa, na ataishi miaka kumi au zaidi ukimtunza. Ukitaka mbwa mkubwa wa kizungu, kama Rottweiler wa kilo 45, hesabu magunia mawili. Nenda kaulize bei ya gunia sokoni kwenu leo, ongeza dagaa, ongeza chanjo na dawa ya minyoo na kupe, kisha ulinganishe na bei ya kufuli nzuri, nondo za dirisha na taa ya nje. Wengi wakifanya hesabu hiyo kwa uaminifu wananunua kufuli.

Chakula chenyewe kina miiko yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha vinavyochoma utumbo. Mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni, hasa yenye malengelenge, usimpe kabisa: yana mabuu ya mnyoo anayekomaa tumboni mwa mbwa, mayai yake yanatoka na kinyesi, na binadamu akiyameza anaota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, wanaufahamu vizuri ugonjwa huo. Chemsha kila nyama.

Swali la nani anayemlisha lina uzito kuliko swali la anachokula. Karakanani jibu huwa ni yule kijana mdogo kuliko wote, aliyekuja kujifunza kazi. Anafagia maranda, anachota maji, anatumwa misumari, na sasa ameongezewa mbwa, bila senti moja juu yake. Siku akipata kazi kwingine, mbwa amempoteza mtu pekee anayemwamini. Kama humlishi wewe mwenyewe, au mtu wa nyumbani kwako aliyekubali kwa kinywa chake, mbwa huyo si wako hata kama fedha ya kumnunulia imetoka mfukoni mwako.

Kuna jambo la wateja, na kwa fundi wa pwani ni zito. Waislamu wengi wa pwani yetu ni wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate na unyevu wa mbwa ni najisi. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wanazuoni huruhusu mbwa wa kuwindia, wa kuchungia mifugo na wa kulinda shamba, na wapo wanaolinganisha na hao mbwa wa kulinda nyumba. Mwenye kutaka kufuga amuulize shekhe wake. Lakini hata kama wewe dini yako haikukatazi, fikiria upande wa mteja. Fundi sofa ambaye mbwa wake analala juu ya godoro la sponji linalongoja kushonewa anamuuzia mtu kitu ambacho mtu huyo, angejua, asingekikalia. Na atajua: unywele mmoja kwenye kitambaa unatosha. Fundi bomba au fundi umeme anayeingia vyumbani mwa watu naye abadili nguo za kazi mbali na mbwa, na zisianikwe mbwa anakopita. Hiyo ni adabu ya kazi, na jina la fundi hujengwa kwa vitu kama hivyo.

Hata asiyejali najisi anaweza kuogopa. Mama aliyekuja na mtoto mgongoni kuulizia bei ya kitanda akikoromewa mlangoni, hatasubiri uje umtulize Simba. Ataingia banda la jirani.

Baada ya makatazo yote haya, nani basi afuge? Yule ambaye usiku vifaa vyake na makazi yake viko ndani ya uzio mmoja. Fundi mchomeleaji wa Mbezi au Kitunda aliyejenga nyumba yake nyuma na banda la kazi mbele. Seremala wa mji mdogo, Makambako au Babati, anayelala hatua ishirini kutoka kwenye mbao zake. Fundi wa saiti ambaye kila jioni anarudi na begi la vifaa mgongoni na kulilaza chumbani. Hao wana familia inayoamka mbwa akibweka, wana makombo halisi ya jiko halisi, na wana mtoto au mke au mama mkwe wa kumtazama mbwa mchana. Kwao mbwa ni msaada mkubwa, na ningewaambia wafuge bila kusita. Kibao cha MBWA MKALI kwenye geti nacho wakiweke, ingawa tunajua vibao hivyo ni vingi kuliko mbwa wenyewe.

Kwa watu hao mbwa wa kienyeji anatosha. Ana manyoya mafupi yanayovumilia joto, anakula ugali, na masikio yake hayazidiwi na ya mbwa yeyote aliyekuja na ndege. Mbwa wa kizungu ana sifa zake, lakini German Shepherd na manyoya yake mazito anateseka Tanga, na mbwa mkubwa mwenye nguvu asiyefundishwa ni hatari kwa watoto wa nyumba kabla hajawa hatari kwa mwizi. Usimchukue mtoto wa mbwa kwa mtu asiyeweza kukuonyesha mama yake. Mama akiwa mwoga kupita kiasi au mkali kupita kiasi, tegemea mtoto naye. Asiachishwe ziwa kabla ya wiki nane. Wiki hizo za mwanzo, mpaka miezi mitatu na nusu hivi, ndizo anazojifunza nani ni wa kawaida duniani: azoee watoto, wazee, wenye kofia, wenye baiskeli, mlio wa bodaboda. Anayemfungia mtoto wa mbwa kwenye kiroba gizani "ili awe mkali" anatengeneza mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata hovyo.

Kama ni jike, mimba inachukua siku 63 tu na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mpeleke akafungwe uzazi. Dume aliyehasiwa anaendelea kulinda kama kawaida, na haachi nyumba kufuata majike mtaa wa tatu usiku ule unaomhitaji. Mchana aachwe huru ndani ya uzio au awe na kibanda chenye kivuli na maji. Mnyororo wa mfululizo unamfanya mkali kwa kila mtu. Kibanda chake kiwe mbali na ukuta wa barabarani, kwa sababu wezi hurusha nyama yenye sumu, na mbwa anayelala karibu na mlango wa nyumba ana nafasi ya kubweka kabla hajaifikia. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa hata kama ni mali yako.

Chanjo ndiyo isiyo na mjadala. Mtoto wa mbwa anahitaji chanjo dhidi ya parvo na magonjwa mengine ya utotoni kuanzia wiki ya sita au ya nane, ikirudiwa mpaka wiki ya 16. Parvo ni kuhara damu kunakoua kwa siku chache, na virusi vyake vinakaa udongoni kwa miezi. Aliyempoteza mbwa kwa parvo asilete mtoto mwingine asiyechanjwa kwenye uzio uleule. Akifikisha miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hauponi, na takriban visa vyote vya binadamu vinatokana na mbwa. Hapa kwetu ushahidi wa nguvu ya chanjo upo karibu: Pemba waliung'oa kwa kuchanja mbwa kwa wingi, na uliporudi walirudia dawa ileile. Mwulize afisa mifugo wa kata ratiba ya kampeni. Nyingi hupangwa kuizunguka tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, aliyofariki Louis Pasteur, mwanasayansi aliyetengeneza chanjo ya ugonjwa huo, mwaka 1895. Kadi ya chanjo itunze pamoja na risiti za mashine zako.

Mbwa wako akimng'ata mtu, awe mteja, jirani au mwizi mwenyewe, mambo ni haya. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, dakika kamili, kwa saa. Lisipakwe kitu cha kienyeji. Mtu aende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo, ambayo ni dozi kadhaa kwa tarehe maalum, na asikatishe njiani kwa sababu kidonda kimepona. Gharama ulipe wewe, bila kuvutana. Ukingoja mpaka uitwe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa utalipa zaidi na jina litakuwa limeshachafuka. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe na atazamwe kwa siku kumi chini ya macho ya daktari wa mifugo. Akiwa mzima baada ya siku hizo, inajulikana kwamba hakuwa na virusi mateni siku aliyong'ata, na daktari wa hospitali ataamua kuhusu dozi zilizobaki. Akiuawa na kutupwa, ushahidi huo umetupwa naye.

Anayefuga hupata pia kitu ambacho hakukitarajia. Fundi anayezunguka nyumba za watu anakutana na mbwa wa wateja kuliko anavyokutana na wezi, na aliyeishi na mbwa anajua kuwasoma. Mkia uliosimama kama mti na mwili uliokakamaa si salamu. Ukifika kwenye geti, piga simu, mwombe mwenye nyumba amfunge mbwa kabla hujaingia, wala usiridhike na lile neno la "haumi huyo." Akikujia, simama ubavu, usimkazie macho, usikimbie, begi la vifaa liwe kati yako na yeye. Na ukishika kazi ya siku tatu kwenye nyumba hiyo, usianze kumrushia mifupa ili mpatane. Siku kitu kikipotea pale ndani, mtu wa kwanza kutajwa atakuwa fundi aliyefanya urafiki na mbwa.

Limebaki suala la safari. Kazi zetu zinahama. Leo umepata saiti Dodoma, ni miezi minne. Kesho mwenye kiwanja ulichopanga anakitaka kiwanja chake. Mbwa hapandi daladala, na basi la mkoani litamkataa au litamtupa kwenye buti pamoja na matenga ya nyanya. Kabla hujamleta mbwa nyumbani, mtaje kwa jina mtu atakayemlisha utakapokuwa mbali, mwende naye mkaelewane fedha ya unga kwa mwezi, na umwachie namba ya daktari wa mifugo. Kama unakaa nyumba ya kupanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa mapema, na wapangaji wenzako pia, kwani choo na uwanja ni vya wote na watoto wao ndio watakaokuwa wanapita karibu na kibanda chake. Mmoja wao akikataa, mbwa asije.